Maksai Aliyetolewa kwa Utani

Mie sina ugomvi na Biblia. Niliseme hilo mapema, maana hapa Ntalikwa ukimlalamikia Eliya kuna watu wanadhani unamlalamikia Mungu. Nimebatizwa Moravian, nimeolewa Moravian, na kwenye kwaya ya akina mama nimeimba sauti ya pili tangu binti yangu Gaudensia ananyonya. Ugomvi wangu ni na mume wangu, Eliya, mzee wa kanisa, ambaye tangu Januari mwaka huu ameamua kutii.

Sisi Wamoravian tuna neno la siku. Ni mstari wa Maandiko uliokwisha kuchaguliwa kwa kila siku ya mwaka. Asubuhi kabla ya uji mwenye nyumba anausoma, mnasema amina, kila mtu anachukua jembe lake. Ndivyo baba yangu alivyofanya miaka yote, na alikufa mtu mwema. Lakini ibada ya Mwaka Mpya mchungaji alihubiri kwamba tumekuwa watu wa kusikia tu, kutenda hatutendi, na Eliya akayabeba hayo mpaka nyumbani. Jioni akatangaza kwamba kuanzia kesho yake, katika nyumba hii, neno la siku litatendwa siku hiyohiyo, vilevile lilivyo. Nikasema amina. Nilidhani ni maneno ya sikukuu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Haikupita wiki likaja neno la kutosumbukia kesho. Basi paa la ghala lilikuwa linavuja, nyasi za kuezekea ziko tayari, fundi kafika na kamba yake, na Eliya akamrudisha, eti kuziba leo mvua ya kesho ni kusumbuka. Mvua ikaja, mbegu zangu za karanga zikaota humohumo ghalani. Likaja neno la kutokalia viti vya mbele. Siku hiyo tulikuwa na harusi ya mtoto wa mdogo wake, na yeye ndiye baba mkubwa anayesubiriwa kutoa nasaha. Akaketi mlangoni na watoto wa mtaa. Mshereheshaji alimwita kwa kipaza sauti mpaka akakauka koo, mwenzangu anatikisa kichwa tu huku kabeba sahani ya pilau magotini. Kisha likaja la kusalimiana kwa busu takatifu. Hilo hata kulisimulia naona haya. Alimkuta Mzee Lugembe pale kwenye mashine ya kusaga, Mzee Lugembe ambaye hata mkono hampi mtu bila sababu, akamshika mabega akambusu shavuni mbele ya akina mama na madebe yao ya mahindi. Mzee Lugembe alikuja kwangu jioni ile kunipa pole. Alidhani Eliya kaanza kunywa.

Haya yote ningeyavumilia. Watu walicheka, na mie nilicheka baadaye nikiwa jikoni peke yangu. Ambalo siwezi kulivumilia ni la Gaudensia.

Gaudensia ni mtoto wangu wa kwanza na ndiye niliyebaki naye, wengine wawili wametangulia. Alimpenda kijana wa Ulyankulu anayeitwa Nestori, aliyekuwa akileta maharage mjini Tabora. Wazazi wake asili yao ni Burundi, Wakatoliki wa rozari kila jioni, watu wa kazi, wasio na makuu. Nestori alileta washenga kwa heshima zote. Eliya akawazungusha, leo hivi kesho vile, kwa sababu hakutaka binti wa mzee wa kanisa aende Ukatoliki, na hakuwa na ujasiri wa kuwaambia hivyo. Mwezi wa Tatu binti akachoka kusubiri, akaenda Ulyankulu, wakafunga ndoa parokiani kwao. Nami nilikasirika, sikatai. Baraza la wazee nalo likamwambia Eliya apumzike uzee kwa muda, maana mzee wa kanisa asiyeisimamia nyumba yake ataisimamiaje ya Bwana. Akahamia benchi la nyuma. Iliingia mfupani, niliona.

Sasa sikia balaa. Asubuhi ile Gaudensia alipoondoka, kabla hatujajua kitanda chake ni kitupu, Eliya alikuwa amekwisha kusoma neno la siku. Lilikuwa lile linalosema kwamba ampendaye mwana au binti kuliko Bwana hamfai Bwana. Alipoambiwa binti kaenda, alikifunga kile kijitabu cha maneno ya siku, akasema Bwana alikwisha kusema kabla. Gaudensia asikanyage ua huu. Tangu hapo hata simu yake haipokei. Akisikia naongea naye, anatoka kwenda kukagua mizinga yake ya nyuki.

Nilisubiri. Nilijiambia mwaka ni mrefu, Mungu ana maneno mengi, litakuja la huruma. Na lilikuja, mwezi wa Saba, la mwana aliyepotea akarudi kwa baba yake. Nilifurahi mpaka nikaunguza uji. Unajua alichofanya mume wangu? Alikwenda kilabuni akamtoa Anton, mtoto mlevi wa Mzee Lugembe, akamleta hapa nyumbani, akamvika shati lake, akamchinjia jogoo wangu. Nilimtazama Anton anavyotafuna paja, nikasema, Eliya, wa kwako yuko Ulyankulu. Akanijibu taratibu kwamba kwa Gaudensia hana ugomvi, ila neno la mwezi wa Tatu limekwisha kutendwa, na neno la Mungu halichachi kama togwa. Kumsemesha mtu huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mwezi wa Kumi Gaudensia akapiga simu kwa sauti ndogo. Ni mjamzito, hilo nilijua, lakini sasa zahanati wamempima wakakuta mtoto amelala mshazari. Wamemwambia asithubutu kujifungulia kule. Azalie hospitali mjini Tabora, na asingoje uchungu umkamate Ulyankulu, maana mvua zikishaanza ile barabara si ya kumpeleka mgonjwa. Aje mapema, akae kwa ndugu aliye karibu. Akaniuliza, mama, nije? Na kwetu sisi hilo si swali. Mimba ya kwanza mtoto wa kike anarudi kwa mama yake, na kutoka hapa Ntalikwa hospitali ni mwendo wa bodaboda. Nilimfuata Eliya akiwa anachonga mpini, nikamweleza yote, pamoja na huo mshazari. Mikono yake ilisimama. Nikaona amesikia. Kisha akaendelea kuchonga, akasema tutamwombea.

Nilichosema pale sitakirudia hapa.

Basi katika hali hiyo ndipo lilipokuja la maksai. Ilikuwa mwezi wa Kumi na Moja, mawingu yameanza kukusanyika, na tulikuwa na magunia ya karanga ya kupeleka Kanyenye kwa mteja wetu Swaumu. Swaumu ni mjane wa Kizaramo, mtu wa Kisarawe, aliyeletwa Tabora na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli, akabaki hapa. Anatengeneza kashata na karanga za kukaanga. Asubuhi ile neno lilisema anayekuomba umpe, na aliyechukua kilicho chako usimdai akurudishie. Nilipolisikia nilifungia kuku ndani, nikaficha redio uvunguni, nikashukuru kwamba tunakwenda mjini tuliko na wateja, na mteja haombi, ananunua. Nilisahau utani.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakatukanana, wakalishana, wakazikana. Mtani anaingia kwako anakwambia umekonda kama fimbo, anaomba sufuria, anaomba nyumba, anaomba mke, na wewe unamjibu jibu baya zaidi, mnacheka, maisha yanaendelea. Swaumu na Eliya wamefanya hivyo miaka mingi. Basi tulipofika, naye kajifunga kanga kiunoni, akaanza. Alisema Wanyamwezi wa siku hizi wamekuwa mayai, babu zao walibeba kichwani mpaka Bagamoyo na hawa wanapanda mkokoteni. Akampiga maksai wetu mwekundu mgongoni, akasema huyu ndiye Mnyamwezi wa kweli aliyebaki, mtani, niachie huyu.

Jibu lake kila mtu analijua. Eliya angesema, mchukue, ila kulala mchana hatakubali, hajazoea uvivu wa Wazaramo. Wachukuzi wa magunia pale walikuwa wamekwisha kufungua midomo tayari kwa kicheko. Eliya akaenda kwenye nira, akamfungua maksai mwekundu, akampa Swaumu kamba mkononi. Akasema, "Ni wako."

Swaumu alicheka. Akacheka tena, peke yake. Halafu akanitazama mimi, nami nikatazama ardhi. Alimrudishia kamba, Eliya akarudisha mikono nyuma. Na hapo ndipo nilipoona tumekwisha, maana kitu alichokichukua mtani hakidaiwi, hiyo ni sheria ya mababu, na neno la siku nalo limekataza kudai. Nimezibwa huku na mila, huku na Maandiko. Mkokoteni tukauacha uani kwa Swaumu, maana nira ya wawili haivutwi na mmoja. Eliya alirudi kwa miguu na maksai aliyebaki. Mimi nilipanda bodaboda, kwa sababu kama ningetembea naye njia yote ile ningetenda dhambi.

Nyumbani nilimwambia jambo moja tu. Nilimwambia ameweza kumpa Mzaramo maksai asiyemtaka, msimu wa kulima huu umefika mlangoni, lakini mwanawe mwenyewe anaomba pembe ya sakafu ya kulaza mgongo, hampi. Akasema Gaudensia hakumwomba siku ile. Jamani! Nikamwuliza, kumbe neno ni la siku moja, si ulisema halichachi? Akaingia ndani kuvaa viatu, akaenda kwenye mizinga.

Siku zilizofuata mvua ya kwanza ilinyesha na majirani wakatoka na majembe ya kukokotwa. Nilivumilia, nikashindwa, nikaenda Kanyenye. Nilimkuta Swaumu katika hali mbaya kuliko yangu. Maksai mwekundu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo katikati ya ua, amekula mchicha wa jirani, amekula nusu ya jozi yake ya kanga, na mwenyekiti wa mtaa amekwisha kuletewa mashtaka. Swaumu aliniuliza kama mume wangu ni mzima. Akasema katika maisha yake ametaniwa na Wanyamwezi wa kila aina, lakini hajapata kuona anayejibu utani kwa mali.

Ndipo nikakaa kwenye kigoda chake nikamwaga yote. Paa, harusi, busu, Anton na jogoo. Mwanzoni alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwa Gaudensia na mtoto aliyelala mshazari, aliacha kucheka. Aliniuliza mimba ina hali gani sasa, na nani yuko naye kule, na kama Ulyankulu mvua imeanza. Nikamwambia imeanza. Akaniambia nirudi nyumbani, maksai atamleta mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, kwa miguu, mwanamke wa makamo na ng'ombe mzima, kanga imelowa matope mpaka magotini. Eliya alimkaribisha vizuri, akamletea kigoda, akamwita mtani. Lakini kamba ya maksai hakuipokea. Alisema alichokitoa amekitoa.

Swaumu hakubishana. Alikaa, akanywa maji, akafuta mdomo. "Sijaja kurudisha," akasema. "Nimekuja kubadilisha. Maksai simtaki, anakula nguo. Nipe Gaudensia."

Eliya akasema lile neno lilikuwa la siku ile Kanyenye.

"Mkeo kaniambia neno lenu halichachi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Eliya alisugua magoti yake. Mwishowe akasema hana Gaudensia wa kutoa.

"Huna?" Swaumu akamtazama. Hapo hakukuwa na utani hata chembe katika sauti yake. "Basi yule aliyeko Ulyankulu na mtoto aliyelala vibaya tumboni ni wa nani? Mimi nitampokea, nyumba yangu iko karibu na hospitali. Ila sichukui mtoto wa mtu bila baba yake. Sema ni wako na umenipa."

Nilimwona Eliya anavyopiga hesabu zake. Na nikaona uso wake unavyofunguka, taratibu, kama mtu aliyepata upenyo. Gaudensia atakaa Kanyenye, kwa hiyo ua huu hataukanyaga, neno la mwezi wa Tatu limesimama. Na mtani ameomba, amepewa, na hilo nalo limetendwa. Maneno yote mawili yametiiwa, hakuna aliyepoteza kitu ila mimi na mwanangu.

"Ni wangu," akasema. "Nimekupa. Mchukue."

Sikupiga kelele. Watu wanasema nina kelele, lakini siku hiyo sikuwa nayo hata moja. Niliweka mwiko juu ya chungu, nikaingia ndani, nikafunga kanga zangu na vitambaa vya mtoto nilivyokuwa nimevishona. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira hata machozi yenyewe yakanikera. Kamtoa kama alivyomtoa maksai. Mkono uleule, sauti ileile. Nilipotoka na furushi kichwani Eliya aliuliza nakwenda wapi.

"Mwanangu anazaa mara ya kwanza," nikamwambia. "Ikiwa ni kwa Mzaramo, basi na mie niko kwa Mzaramo."

Swaumu aliinuka, akajitengeneza kanga. "Mtani," akasema, "naona huyu keshajifunga. Nipe na mke."

Hilo watani wanaliomba kila siku ya Mungu. Kila Mnyamwezi analijibu bila kufikiri, mchukue, ila andaa ghala, anakula. Eliya alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta jibu la utani, halikuja. Nikamwona anatafuta jibu la Maandiko, nalo analijua, analitenda tangu Januari bila kukosa siku. Anayekuomba umpe. Aliangalia furushi langu. Aliangalia jiko, na chungu, na mwiko juu ya chungu.

"Huyu hapana," akasema.

Swaumu akamwuliza neno je. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama Gaudensia, nitabaki na nani?"

Tangu mwezi wa Tatu hakuwahi kuniita hivyo. Alikuwa ananiita Rustika, kama karani anayesoma majina ya wagonjwa. Lilinichoma, nusura niteremshe furushi. Sikuliteremsha.

"Utabaki na neno la siku," nikamwambia. "Litakupikia."

Alikaa juu ya kinu changu kilichofudikizwa, mtu mzima mwenye mvi, akaweka mikono kichwani. Alisema amelivunja neno. Alisema mara mbili, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, kwamba leo amelivunja. Swaumu alijifanya ana shughuli na kamba ya maksai. Mimi nilingoja. Mfadhaiko ulikuwa wake, si wangu wa kumtulizia, miezi yote hii nani alinituliza mimi. Kuku walipita katikati yetu. Mvua ilianza kudondoka matone makubwa yale ya kwanza, na hakuna aliyehamia barazani.

Halafu Eliya akaingiza mkono mfukoni akatoa simu yake. Aliitazama. "Nipe namba yake," akasema. "Mimi niliifuta."

Nilimtajia. Naijua kwa kichwa. Alibonyeza kwa kidole chake kilichokakamaa kwa mpini wa jembe, akakosea, akafuta, akaanza upya, na kwa kuwa hajui simu alikuwa amebonyeza na spika, tukasikia sote inavyoita. Ikapokelewa.

"Shikamoo baba," Gaudensia akasema.

Eliya alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nikaanza kuhesabu dhambi nitakazotenda asipojibu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba mwanangu. Njoo nyumbani."

Kule Ulyankulu nilisikia mwanangu anavyovuta pumzi. Kisha mume wangu, Mungu anisamehe, akakohoa kidogo akamwuliza kama leo amekwisha kusoma neno la siku.

Nikamnyang'anya simu, nikamwambia Gaudensia aanze kufunga mizigo.